Wageni Waliobisha Hodi Simuni

Kila neno la habari hii ni kweli tupu. Osiako ameapa akiwa amesimama na akiwa ameketi, na yuko tayari kulamba udongo wa kwao Shirere mbele ya yeyote anayebisha.

Siku hiyo alikuwa peke yake nyumbani. Mkewe Awinja alikuwa ameenda Mukumu kumwona mgonjwa, akamwachia kazi moja tu: maharagwe yaliyoanikwa uani juu ya turubai, mvua ikitisha ayaingize. Chepkorir, mwanafunzi aliyepanga chumba cha nyuma, alikuwa ameishiwa tokeni za stima, kwa hiyo akaleta simu yake ichajiwe sebuleni kwao, kisha akaenda chuoni. Naye alimwomba mzee jambo moja: asiiguse. Ndani mlikuwa na sauti za ndege alizorekodi alfajiri baada ya alfajiri msituni Isecheno, kazi yake yote ya kumalizia masomo, na hakuwa amepata bando ya intaneti ya kuzihifadhi kwingine.

Osiako akamwambia yeye hagusangi simu za watu.

Lakini alikuwa ameshamwona akiifungua, kidole kikichora umbo kama la jembe. Na kulikuwa na pigano la mafahali la Shinyalu lililompita, ambalo watu wote walikuwa wakilizungumzia isipokuwa yeye. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya vibonyezo, haioneshi hata picha. Akajiambia kutazama si kugusa. Akachora jembe, akaandika mafahali wa Shinyalu.

Fahali wawili wakatokea, wanapimana pembe. Kabla hawajagongana kikajitokeza kijisanduku, kikauliza kwa adabu kama anakiruhusu kiwe kinamletea taarifa. Hapo ndipo malezi mema yalipomponza. Mtu aliyelelewa akalelewa, akibishiwa hodi, hamwambii mgeni arudi alikotoka. Akabonyeza Ruhusu.

Basi wageni wakaingia wote kwa pamoja. Simu ililia, ikatetemeka mpaka vikombe kabatini vikasalimiana. Kioo kikawa chekundu kama pilipili: simu hii ina virusi kumi na vitatu, ukiufunga ukurasa huu kila kitu kitafutika. Osiako, kabla hajasoma mpaka mwisho, akagusa ile eksi ya pembeni. Likafunguka onyo la pili, kali kuliko la kwanza. Akagusa eksi ya hilo nalo, likazaa la tatu. Hilo ndilo alilolisoma mpaka mwisho.

Virusi alivijua. Aliviona vikifunga makanisa. Akapapasa mfuko wa koti kwa mkono wa kushoto, akatoa barakoa ya miaka ile, akaivaa.

Mara kioo kikaanza kufifia. Akawaza: kikizimika, si ndiyo kufungwa kwenyewe? Akakipapasa kwa kidole gumba, kikawaka tena. Kuanzia hapo akawa mfungwa wa kidole chake. Kuichomoa simu hangeweza, chaji ilikuwa bado kidogo. Waya ulikuwa mfupi na soketi iko nyuma ya kochi, ikambidi ainame pale kama mtu anayenusa kitambaa, mgongo ukimwita kwa jina, anapapasa kioo, anapapasa tena.

Mvua ikaja kutoka upande wa msitu. Aliisikia kwenye mabati ya majirani kabla haijafika kwake. Kupitia dirishani aliyaona maharagwe yakilowa, kisha yakiogelea. Mengine, anaapa, yaliota majani akiwa anayatazama. Miguu ilitaka kukimbia, kidole kikakataa.

Chini ya onyo kulikuwa na kitufe cha kijani: Safisha Sasa. Mara tatu kidole kilikikaribia. Kisha akamkumbuka yule msichana akirudi asubuhi na viatu vilivyoloa umande, akiikumbatia simu kifuani. Akakirudisha. Hakumwamini daktari aliyeingia mlangoni pamoja na ugonjwa.

Hivyo ndivyo Chepkorir alivyomkuta.

“Mzee, mbona barakoa?”

“Usikaribie, mwanangu. Simu imeshikwa.”

Akamweleza jinsi kima mmoja mkubwa, wa Isecheno kabisa, alivyoruka dirishani, akainyakua simu na kuibonyezabonyeza, wakapigana mieleka mpaka kima akaomba msamaha. Chepkorir hakuwa akisikiliza. Aliichukua simu, akaufunga ukurasa mwekundu. Chini yake wakabaki fahali wawili.

“Kumbe kima huyu anapenda fahali.”

“Kima wa siku hizi, mwanangu…”

“Tena anajua kuandika Shinyalu bila kukosea.”

Akaingia kwenye mipangilio, akaikuta ile tovuti kati ya zilizoruhusiwa kutuma taarifa. Akauliza nani aliiruhusu. Osiako akajitetea kwamba walibisha hodi.

“Hakuna virusi, mzee. Ni matangazo ya kuogofya watu. Ungebonyeza hicho cha kijani, ndipo ungewaingiza wezi wenyewe.”

Akaiondolea ruhusa, simu ikanyamaza. Kisha akafungua mahali pa sauti. Osiako akazuia pumzi mpaka barakoa ikamganda puani. Kimya. Halafu ndege mmoja akaita, mwingine akamjibu, na chumba kizima kikawa msitu. Chepkorir akakaa chini sakafuni, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

“Uliniambia hugusangi,” akasema.

Osiako alikuwa anaivuta barakoa ifike machoni pale Awinja alipoingia na mwavuli, akauliza maharagwe yake yalipatwa na nini. Mzee akafumbua mdomo, akaanza: kulikuwa na kima. Awinja akamtazama Chepkorir.

“Alikuwa akitazama fahali, mama,” Chepkorir akasema.

“Baba Griffin,” akamwambia mumewe, “vua hiyo kitu mdomoni ukashike jogoo wa kumwomba huyu msamaha.”

Jioni jogoo aliiva. Katika nyumba hiyo, kama nyumba zote za jirani, firigisi ni ya mwenye boma, na hakuna mwanamke aliyewahi kuionja. Osiako, alipoona sahani ya kwanza inapelekwa kwa Chepkorir, akaeleza taratibu kwamba jogoo huyu, kwa bahati mbaya, alizaliwa bila firigisi.

Awinja akaikoroga sufuria, akaipata firigisi chini kabisa, akampa mumewe ikiwa kijikoni. Mzee akaibeba mwenyewe hadi ng'ambo ya meza, akaiweka juu ya obusuma, ule ugali wa mgeni, akarudi kukaa mbele ya sahani yake yenye shingo ya jogoo.