Salamu ya Jabiri

Diski ya Adventina ilikuwa inafanya kazi mpaka ipate moto, basi. Ikishapata moto inakohoa, inazima. Ndani yake mlikuwa na sauti ya bibi yake, Jenoveva wa Butiama, aliyezikwa mwezi uliopita. Katekista alimrekodi akiwaaga wajukuu, mmoja mmoja kwa jina. Adventina alikuwa kazini Bunda, akachelewa kufika, na rekodi yenyewe alikuwa hajaisikia hata mara moja.

"Dada Ikhlas, nataka tu nisikie alivyonitaja," aliniambia, akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani.

Kwenye karakana yetu hapa Kamunyonge kuna kompyuta moja tu ya kuokolea vilivyomo kwenye diski mbovu namna ile, nayo ni ya Jabiri, mwenzangu. Unaandika amri kwenye dirisha jeusi: unatanguliza diski unayonakili, kisha ile inayopokea. Ukizigeuza, umemfuta marehemu.

Nikaandika. Mstari ulipofika ukingoni, badala ya kushuka chini ukarudi mwanzo na kuanza kujiandika juu ya maneno yangu mwenyewe. Sikuona tena nimetanguliza diski ipi. Nikafuta, nikaandika upya. Yaleyale. Nikatanua dirisha, nikapunguza herufi, nikafungua mipangilio na kuiamuru ikunje mistari. Wapi! Diski inanguruma, inapata moto, na mimi nagombana na mstari. Nilitamani kuizaba kibao hiyo kompyuta.

Nikampigia Jabiri, aliyekuwa Manyamanyama akifunga mtandao kwa mteja.

"Kaka, mstari haushuki. Umeifanya nini mashine yako?"

"Umeamkaje kwanza?"

"Kaka Jabiri!"

"Haya, mdogo wangu. Nimeiwekea salamu. Kila mstari unaanzaga na 'Karibu, habari za nyumbani', kwa rangi ya kijani. Mimi siwezi kuanza kazi na kitu hakijanisalimia."

Hapo nikaelewa, na nikazidi kuchukia. Alama zinazoleta rangi zenyewe hazionekani kwa macho, lakini usipoionya kompyuta, inazihesabu kama herufi zilizochukua nafasi. Ndiyo maana ilikuwa haijui mstari unaishia wapi. Nikaifuta salamu yote. Mstari ukashuka vizuri, nami nikaona: katika kufuta na kuandika, nilikuwa nimezigeuza diski. Nikapanga upya, nikabonyeza.

"Inakwenda," nikamwambia Adventina. Akasogeza kiti.

Ilikwenda kidogo. Kisha diski ikakohoa, ikanyamaza. Nikaichomoa, nikaipoza kwenye feni, nikajaribu kila nilichokijua. Haikuamka. Ule muda wote niliogombana na salamu ya Jabiri ndio uliokuwa uhai wake, na angekuwa pale ningemrukia.

Tukafungua kilichopona. Sauti ya kikongwe ikatoka taratibu, kwa Kizanaki, na Adventina akawa ananitafsiria kwa kunong'ona. Bibi alikuwa bado anasalimia. Hakuwa na haraka. Aliuliza habari za ng'ombe, za mvua, za majirani nyumba kwa nyumba.

"Anasema, na nyie wa Bunda, mmeamkaje?"

Sauti ikakatika hapo. Hakuna aliyeagwa, hakuna aliyetajwa jina.

Nikaanza kumwomba radhi. Adventina akainua mkono kunizuia, akainamia spika na kusema maneno machache kwa lugha yao.

"Irudishe nyuma, dada," akaniambia. "Sijamaliza kumwitikia."