Binti wa Mesfin

Mwalimu Mesfin alifanya kosa moja tu, na mtu yeyote wa Amba Wuha angelifanya: aliwaandikia Wazungu barua akatia sahihi "Mwalimu Mesfin". Angejiitaje tena? Kwetu mtu ana jina lake, na la pili ni la baba yake, basi. Mambo ya jina la ukoo hatuna. Yeye ni Mesfin mwana wa Tekle, anafundisha fizikia, na hata mkuu wa polisi humwita Mwalimu Mesfin. Lakini wale Waholanzi wenye mfuko wa kufundisha vijana sayansi ya anga walidhani Mesfin ni ukoo. Na mwanafunzi aliyechaguliwa kwenda kwao wiki tatu, kwenye kituo cha setilaiti, aliitwa Meklit Mesfin.

Baba yake Meklit alikuwa Mesfin mwingine kabisa, Mesfin Gobena, askari aliyefia vitani kaskazini. Habari za kifo chake zililetwa kwa mdomo na mwenzake aliyerudi na mguu mmoja. Karatasi hakuna aliyeleta.

Na msichana mwenyewe alistahili, asije mtu akadanganya hapa. Alitengeneza antena kwa fimbo za pazia na nyaya za televisheni mbovu, akaipandisha juu ya paa la shule. Setilaiti ya hali ya hewa ilipopita asubuhi, picha ikaanza kujichora kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Watoto arobaini wa klabu ya sayansi walipiga kelele hadi mkuu wa shule akaja mbio akidhani kuna moto. Meklit alisema tu, "Hii Bahari ya Shamu, haya mawingu yetu. Msinisukume." Picha hiyo ndiyo iliyoleta ruzuku.

Siku ya Jumatatu Ato Fikadu ("ato" kwetu ni bwana), mwenyekiti wa kamati ya ruzuku, alimwita Mesfin ofisini.

"Kaa, ndugu yangu. Umetuletea balaa." Akageuza kompyuta yake. "Yule mama Marijke wa mfuko wa Waholanzi anauliza kwa nini umemchagua binti yako."

Mesfin alicheka. Alicheka kweli, maskini, mpaka akajipangusa macho. "Mimi? Mimi sina hata mke! Mwandikie umweleze tunavyoitana, yaishe."

"Wazungu hawali maelezo, wanakula karatasi. Wanataka uthibitisho wa serikali kwamba baba yake ni mtu mwingine. Siku kumi. Wasipoupata, wanafunga faili zima. Kompyuta, dishi, maabara, vyote kwaheri."

Mesfin aliacha kucheka.

Kesho yake akaandamana na mama yake Meklit, Weyzero, yaani Bibi, Alganesh, hadi ofisi ya kebele, serikali yetu ya mtaa. Mama huyo huoka injera, ile mikate yetu myembamba, kwa hoteli mbili na mikono yake ina makovu ya moto. Karani aliwaangalia wote wawili, akaegemea kiti.

"Baba wa mtoto ni nani?"

"Mesfin," akasema Alganesh.

"Mesfin si huyu hapa?"

Watu waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Alganesh akavuta shuka lake jeupe hadi kwenye kidevu. "Mesfin Gobena. Alikuwa askari. Alikufa."

"Basi lete cheti cha kifo."

"Sikupewa."

"Kama hakuna cheti, huyo hajafa. Kama hajafa, mlete mwenyewe aseme." Karani akaita mtu wa nyuma.

Walirudi mara tatu, karatasi wasipate. Mara ya tatu hawakuwa na haja ya kusema lolote, foleni nzima ilishajua. Mji mdogo huu, jamani, una midomo! Kwenye vikao vya kahawa wanawake walisema kumbe mwalimu alikuwa akitoa masomo ya ziada nyumba kwa nyumba. Hoteli moja ikaacha kununua injera za Alganesh. Meklit akakuta mtu ameandika ubaoni kwa chaki, HABARI YA BABA MWALIMU? Akaufuta ubao, akakaa mahali pake, akafungua daftari.

Siku ya tisa Ato Fikadu alikuwa na barua tayari, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu.

"Tia sahihi hapa tuokoe klabu."

Mesfin aliisoma. Ilisema kwamba yeye, Mesfin, anaomba radhi kwa kuficha uhusiano wa kifamilia, na kwamba anamwondoa binti yake kwenye safari. Nafasi inakwenda kwa aliyekuwa wa pili, Bezawit Fikadu.

"Ala! Bezawit ni binti yako wewe!"

"Ni binti yangu, ndiyo." Fikadu hata hakupepesa macho. Alisoma Ulaya miaka minne na kwa Wazungu hajawahi kutia sahihi isipokuwa "Bwana Belihu", jina la marehemu baba yake. "Lakini wao wanamjua Bwana Belihu na wanamjua binti Fikadu. Wanahusiana nini hao?"

"Nitawaandikia. Nitawaeleza yote."

"Andika. Wakiona tunagombana wenyewe kwa wenyewe watafunga mkoba waende Kenya. Utawaambia nini watoto arobaini? Na mkataba wako wa kufundisha, Mwalimu, si unaisha Juni? Nani anakaa kwenye kikao cha kuurefusha?"

Mesfin alifikiria watoto arobaini. Ndivyo alivyojiambia baadaye, kwamba aliwafikiria watoto. Ukweli ni kwamba alifikiria mkataba, kisha akawatafuta watoto wa kuufunika. Akatia sahihi.

Jioni alikwenda kwa Alganesh. Alikaribishwa kahawa na bisi, na mama yule akambusu begani kwa shukrani ya siku zote alizopoteza kwenye foleni.

"Imeandikwa nini hiyo barua, Mwalimu? Mimi sijui lugha yao."

"Kwamba nafasi ya Meklit imesogezwa mwakani."

"Mungu akupe maisha marefu," akasema Alganesh. Meklit alikuwa akipuliza mkaa. Hakuinua kichwa.

Wiki mbili baadaye maabara ilifunguliwa. Kompyuta zilipangwa mezani zikiwa bado na plastiki, na kwenye skrini kubwa ukutani akatokea Bibi Marijke mwenyewe, akitabasamu, mwenye nywele nyeupe. Bezawit alivaa gauni jipya. Kwa kuwa hakujua hata upande gani wa antena huelekezwa juu, Meklit aliwekwa nyuma yake aishike na kumnong'oneza. Alganesh aliletwa na wazazi wengine, akakaa mstari wa mwisho.

Bibi Marijke aliipongeza klabu. Kisha akasema kwa Kiingereza cha polepole, kila mtoto akasikia, kwamba anamheshimu sana Mwalimu kwa ukweli wake, kwani si rahisi kwa mzazi kumnyima mwanawe nafasi.

"Na yule aliyeshika antena," akauliza, "ndiye binti yako?"

Meklit alimwangalia mwalimu wake. Hakumwomba kwa macho wala nini, alimwangalia tu, kama anavyongoja jibu la hesabu. Ato Fikadu alikohoa. Mesfin angeweza kusema hapana. Ni neno dogo na alilijua katika lugha tatu.

"Ndiyo," akasema.

Watoto wakageukiana. Nyuma kabisa Alganesh alimuuliza jirani yake, "Amesema nini? Kasema nini?" na jirani akamwambia. Alganesh akajifunika uso wote kwa shuka.

"Mwambie ajivunie baba aliye naye," akasema Bibi Marijke.

Mesfin alimgeukia Meklit. Ikabidi aanze mara mbili. "Anasema... ujivunie baba uliye naye."

"Mwambie najivunia," akasema Meklit kwa lugha yetu, bila kupaza sauti, antena bado mkononi. "Mwambie anaitwa Mesfin Gobena. Mwambie alikufa kaskazini, hatukuletewa hata mkanda wake, na leo wewe umemuua tena mbele ya mama yangu. Tafsiri, Mwalimu."

Bibi Marijke aliinamia kamera, uso wake umejaa wema. "Anasema nini?"

"Anasema asante," akasema Mesfin.