Mwanga Unaoliwa na Macho

Mimi Chenge sinunui shati bila kuligeuza ndani nje, kuvuta mshono na kuliinua juani. Biashara ya mitumba iliporuhusiwa, wenzangu wengi pale soko la Mlango Mmoja walinunua marobota kwa maneno matupu, wakafungua wakakuta matambara. Mimi, macho kwanza.

Ndiyo maana siku ile nilisimama mlangoni mwa maabara ya hospitali nimemshika mkono binti yangu Winnie, shavu limemvimba hadi jicho limesukumwa juu. Tabibu wa kwanza alisema ni jino. Akaling'oa, uvimbe ukazidi. Wa pili akasema taya likatwe. Taya la mtoto wa miaka sita, jamani! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikwishakata shauri: gari la Usagara, kwa mganga wa kienyeji.

Dorotea, fundi wa maabara, hakunifokea. Alinieleza taratibu kwamba kuna uvimbe wa namna mbili unaofanana kwa nje. Mmoja hautoki ila kwa kisu. Mwingine husikia dawa ya sindano, ukayeyuka. Seli za huu wa pili huwa na protini fulani kwenye utando wake, ile ngozi nyembamba inayozizunguka. Seli walizotoa shavuni mwa Winnie alikuwa amezipaka dawa inayoing'ang'ania protini hiyo na kuwaka kijani chini ya darubini yake mpya. Zikiwaka ukingoni, taya la Winnie limekiepuka kisu.

"Nionyeshe," nikamwambia.

Akasita. Mwanga ule, akasema, huliwa kwa kutazamwa: taa ikiuangaza unafifia, wala haurudi tena. Seli zilizopatikana ni chache, zimekaa mahali pamoja. Dawa ya kupaka imekwisha. Na Daktari Venant, ambaye lazima azione mwenyewe ndipo aandike sindano, bado yuko chumba cha upasuaji.

"Nisipoona naondoka na mwanangu, dada."

Alimtazama Winnie. Kisha akavuta pazia jeusi, ziwa likatoweka dirishani, akawasha.

Niliinama. Mwanzoni giza tupu. Halafu, Mungu wangu, vikuku! Vikuku vya kijani vimebanana, katikati peusi, ukingo unawaka. Nilifurahi mno. Nikataka kuvikagua kimoja kimoja, kama ilivyo desturi yangu. Nikiwa bado natazama, kimoja kikaanza kupauka. Kumbe nilikuwa nakula dawa ya mwanangu kwa macho yangu.

"Funga, dada," nikasema. "Mwachie daktari."

Tukakaa kwenye benchi, Winnie katikati ya magoti yangu. Gari la Usagara lilipiga honi barabarani, likaenda zake.

Daktari Venant alipoingia, Winnie alimwamkia shikamoo kwa mdomo wake mzito, naye akaitikia marahaba, akainama kwenye darubini. Alitazama muda mrefu mno; nusura nimvute kola.

"Zimefifia kidogo," akasema, "lakini zinawaka ukingoni, zote. Hatukati kitu. Kesho tunaanza sindano."

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, na sikuona haya.

Nje, upepo wa ziwa ukitupuliza, Winnie aliniuliza nimeona nini mle ndani. Nikamwambia vikuku.

"Vingapi, baba?"

"Sikuhesabu."

Akasimama, akainua lile shavu lake kunitazama vizuri, maana ananijua: mimi, macho kwanza.