Mke wa Mchimba Kaburi

...na eti, unavyonisomea, mke wa mchimba kaburi ameamka, ameomba chai, amesema jamani nimelala sana, nani kasema jamani, kitabuni humo hakuna mtu anayesema jamani, hiyo ni yako, mwanangu, ya darasa unalofundisha la chekechea ambako hata fisi huomba msamaha kabla ya kengele, na kurasa zimepita kadhaa kwa mpigo, macho ndiyo yameingia ukungu, masikio bado ni yangu... hujui kwamba nilikisoma, hiki na vyote vya kabati la baba yako, tulipokwisha kumzika, watu wakiniambia jikaze, yatapita, nikavifungua nikakuta giza limeandikwa lilivyo, mtu anakufa na anakufa kweli, mjane anavichukia hata viatu vya marehemu, nikasema kumbe siko peke yangu, nikapata usingizi. Mke yule anakufa, mwanangu. Mumewe anamchimbia mwenyewe, anakataa msaada, kaburi linatoka fupi... "Mama, unanisikia?" "Nakusikia, endelea," naye anaendelea, kwa sauti tamu, sauti ile ile ya juzi, alipoitwa na daktari nje ya mlango, wakakawia, akarudi akasema, "Daktari kasema unaendelea vizuri, Mama, ni uchovu tu," kwa wepesi huu huu, kwa pumzi hii hii ya mtu anayeruka dimbwi... ah. Kumbe na pale uliruka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe unanificha maradhi yangu mwenyewe! Mimi, niliyechutama mbele yako ukiwa mdogo nikakuambia baba amekufa, sikusema amesafiri, sijawahi kukudanganya hata kwa dawa chungu, leo umenigeuza mtoto wa chekechea, umeniibia hata vitabu, mahali pekee nilipokuwa naambiwa kweli, inaniuma, inaniuma kuliko hili tumbo, nitamwambia sasa hivi, nitamwambia funga hicho kitabu uniambie nakufa lini... "Wakaishi kwa raha," anasoma, na hapo kwenye raha sauti inakatika, anakohoa, anapenga kamasi, anasema ni vumbi la kitabu, kitabu nilichokipangusa mwenyewe miaka yote, na tangu juzi analibeba neno hili la daktari peke yake, anapika nalo, ananiogesha nalo... "Mwisho mzuri, eh, Mama?" Nimefungua mdomo. "Mzuri sana, mwanangu," nasema, na huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake.