Maziwa ya Saa Sita

Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na mke, kwa kuwa yule aliyekuwa naye alikwisha kutangulia. Hakuwa na shamba, wala mtoto wa kiume, wala cheti chochote isipokuwa kile cha shule ya jioni, alichokitia kwenye fremu na kukitundika juu ya kitanda chake. Hakuwa na subira na watu wanaosema ovyo. Na katika wote waliobaki duniani hakuwa na wa kumwita ndugu, isipokuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe.

Kazini walimwita Kamusi, kwa sababu hakuweza kusikia mtu akikosea neno bila kumsahihisha. Hata mtu akipiga kelele kwa kuungua, Kamusi angempa kwanza maji, kisha kitenzi sahihi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya betri za magari zilizokufa. Wengine walizipasua kwa shoka na kumwaga tindikali mtaroni. Wengine walichomoa mabamba ya risasi, ile metali nzito ya kijivu, wakayarundika. Kamusi aliyayeyusha tanurini, akaimimina risasi ya moto kwenye vyombo vya chuma, ikapoa na kuwa mapande yenye umbo la mkate. Moshi ulipanda, vumbi likashuka, likatua juu ya meza, juu ya nyusi na ndani ya mifuko. Mgeni alipoanza kazi, watu waliulizana, "Ameshaonja?" Maana baada ya muda kazi ile humwachia mtu utamu fulani mdomoni, na asiyeuonja hakuhesabiwa fundi. Kamusi alikuwa akiuonja hata katika chai isiyo na sukari, na alijivunia.

Saa sita mchana kengele iligongwa, kila mtu akapewa kikombe cha maziwa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kiwanda.

"Maziwa yanaosha kifua," msimamizi alipenda kusema. "Sumu yote inashuka nayo. Kunyweni, wanaume."

Msimamizi ndiye huyo shemeji. Ndiye aliyempatia Kamusi kazi baada ya msiba, na maziwa aliyagawa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini Kamusi hakuyanywa ya kwake. Kifua chake alikiona kiko imara. Aliyehitaji maziwa ni mjukuu. Aliyamimina kwenye kopo, akalifunika kwa kitambaa chake cha kufutia jasho, akalitundika msumarini kando ya tanuri, paka wasilifikie. Mara nyingi shemeji alipita na birika akalijazia.

"Mpelekee mjukuu wetu, Kamusi. Mwambie ni ya babu yake wa pili."

Kazi ilipokwisha, watu waliondoka kama walivyo. Msimamizi peke yake aliingia bafuni nyuma ya ofisi, akaoga kwa sabuni, akachana nywele, akatoka na nguo safi. Hapo utani ulianza.

"Bwana Harusi huyo! Leo unamwoa nani?"

"Mwacheni," Kamusi aliwaambia. "Nyumbani kwake anapekuliwa mlangoni."

Shemeji alicheka nao, akainama kufunga kamba za viatu.

Mjukuu mwenyewe alikuwa msichana mdogo ambaye bado hajaanza shule, mtoto wa binti yake Kamusi. Walikaa watatu katika vyumba viwili, na binti alishona nguo za watu chumba cha mbele. Mtoto walimwita Kasuku. Alisema toka alfajiri: alisema na cherehani, alisema na ndoo, alimsimulia babu yake habari za kuku wa jirani kana kwamba anatangaza redioni. Babu aliporudi kutoka kazini, mtoto alimrukia na kumkumbatia magoti, akauzika uso wake kwenye suruali ile ya kazi, kisha akapewa kopo.

Kidogo kidogo maneno yakapungua. Alianza kushika tumbo. Alikuwa mkali bila sababu, akakataa chakula, akapauka midomo. Rangi alizokuwa akizitaja kwa fahari akawa anazichanganya, na mwisho akaacha kuzitaja.

"Amedhoofu," Kamusi alisema. "Aongezewe maziwa." Akawa anamwomba shemeji yake kikombe cha pili, na shemeji akampa.

Binti ndiye aliyempeleka mtoto hospitali. Siku ya majibu ya damu, Kamusi aliitwa, akatoka kazini moja kwa moja na nguo zake zile zile, kopo mkononi. Alitaka daktari aone kwamba mtoto anatunzwa.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Nayeyusha risasi. Ya betri."

"Huoga na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani?"

"Sina mambo ya kujirembesha, daktari. Mimi ni mtu wa kazi."

"Damu ya mtoto ina risasi nyingi sana. Inakula damu yenyewe, inakula na ubongo. Kwa mtoto mdogo ni mbaya kuliko kwako."

"Haiwezekani. Anakunywa maziwa kila siku. Haya hapa."

Daktari alilitazama kopo. Alichukua pamba yenye maji, akaipitisha kwenye ukingo, kisha kwenye kile kitambaa cha kufunikia, akamwonyesha. Pamba ilikuwa nyeusi kama iliyofuta masizi.

"Maziwa ni chakula kizuri, mzee. Lakini hayaoshi risasi. Na haya umekuwa ukimpelekea yakiwa na risasi ndani yake."

Binti aligeuza uso ukutani. Kamusi aliuliza swali moja tu.

"Atasema tena kama zamani?"

"Tutamlaza, tutampa dawa ya kuitoa. Tukimwepusha na vumbi atapata nafuu. Kwamba atarudi alivyokuwa, hilo siwezi kukuahidi."

Nje ya hospitali, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa watoto wa shemeji yake, mapacha wawili wanaosoma darasa la pili. Nao ni watoto wa mtu wa betri. Shemeji hajui, masikini! Akakaza mwendo kwenda kumwonya.

Mama Mapacha, mke wa shemeji yake, alikuwa uani akianika mashuka.

"Karibu, shemeji! Lakini kaa hapo hapo barazani, usiingie ndani. Si kwa ubaya, ndiyo amri ya nyumba hii."

"Amri gani?"

"Nguo za kazini haziingii humu. Tangu nina mimba ya hawa. Daktari mmoja alikuja kuwapima huko kiwandani, akamwambia mume wangu, kama unataka watoto wenye akili timamu, vumbi hilo liache huko huko. Toka siku hiyo haji bila kuoga." Alibana kibanio kwenye kamba. "Kwani nyinyi wenzake hamuogi?"

Kamusi alikumbuka kupimwa kule. Alikumbuka msimamizi akirudi na habari: damu zenu safi kama maji ya mvua, rudini kazini. Ndani mapacha walikuwa wakisomeana kitabu kwa sauti, wakigombania nani afungue ukurasa. Walisoma vizuri, bila kukwama. Alisikiliza mpaka akashindwa, akaegemea nguzo.

Shemeji aliingia na nywele mbichi zimechanwa.

"Shemeji! Mbona uso hivyo? Kuna msiba?"

"Mjukuu amelazwa. Ni risasi."

Shemeji alimtazama mkewe, akatazama mashuka. "Nani kakuambia?"

"Hukuuliza hali yake. Umeuliza nani kaniambia."

"Tuzungumze pembeni."

"Hapa hapa."

"Basi punguza sauti. Tajiri mwenye kiwanda alisema nikifungua mdomo anafunga kiwanda. Wale wote wangekwenda wapi? Wewe mwenyewe, baada ya msiba ule, ungekula nini?"

"Ningekula jeuri yangu. Kuoga kunafunga kiwanda? Bafu lipo, sabuni ipo. Ungesema neno moja tu: ogeni."

"Mngeuliza kwa nini."

"Tulikucheka miaka yote, nawe ukacheka nasi."

"Ningefanyaje?"

"Na kopo? Ulikuwa ukiliona msumarini. Ulilijaza kwa mkono wako, ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mpelekee mjukuu wetu! Ulisema wetu."

Shemeji alishusha macho. "Ulikuwa unafurahi sana ukilibeba. Nilishindwa kukukatiza."

Shuka lilimponyoka Mama Mapacha, likaanguka mchangani. Hakuna aliyeliokota.

"Sikiliza," shemeji alisema, sasa akiwa mpole kama mtu anayebembeleza mtoto. "Nitakuweka getini. Kazi safi, kivulini. Mtoto atatibiwa, tajiri nitamwona mimi mwenyewe. Ila yaishie hapa. Usitutie mchanga kwenye kitumbua. Sisi ni damu moja, Kamusi."

"Damu imeshapimwa," Kamusi alisema, akashuka barazani.

Kesho yake hakwenda kazini. Alioga mpaka ngozi ikauma, akaitupa suruali ya kazi, akaenda kukaa kando ya kitanda cha mtoto. Mtoto alikuwa na kiu. Alinyoosha mkono kwenye meza na kufungua mdomo, akatafuta neno, akalikosa, akapiga godoro kwa hasira. Babu yake alijua anachotaka, lakini alingoja kidogo, huenda neno likaja. Halikuja. Akampa kikombe.

Kisha akamwomba muuguzi karatasi, akakaa kwenye benchi la korido. Barua ya kwanza aliijaza matusi, yote yameandikwa kwa usahihi kabisa. Binti yake aliisoma begani kwake.

"Baba, hii ukiipeleka watasema mzee kagombana na shemejiye. Wataitupa."

Akaichana. Ya pili aliiandika polepole, kwa afisa wa afya wa mji. Alieleza tanuri liko wapi, tindikali inamwagwa wapi, na watu wanarudije nyumbani. Aliomba watoto wa wafanyakazi wote wapimwe, akataja nyumba zao moja moja, maana wenyewe hawajui. Aliandika kwamba msimamizi alionywa na daktari kabla watoto wake hawajazaliwa, akanyamaza. Akaandika jina la shemeji yake. Chini yake akaandika la kwake mwenyewe, na kwamba yuko tayari kuitwa.

Binti alisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye mstari mmoja.

"Umemtaja mjomba."

"Nimemtaja."

"Kiwanda kikifungwa, watu wa mtaa mzima watakuchukia."

"Wanichukie, watoto wao wakiwa wameshapimwa."

"Na mama? Mama angekuwa hai, ungeandika jina la kaka yake?"

Kamusi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa.

"Ningemsomea yeye kwanza. Angelia, nami ningekaa naye mpaka amalize. Halafu ningeliandika."

Binti aliikunja barua mara mbili, akailainisha mikunjo kwa ukucha kama anavyolainisha pindo la nguo, akaitia kwenye bahasha. Gundi ilikuwa imekauka. Kamusi alichovya kidole kwenye maji, akaulowesha ukingo, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika.

Posta alikwenda mwenyewe. Alisimama kwenye foleni, akaikabidhi dirishani, na karani alipomwambia, "Tayari, mzee, unaweza kwenda," hakwenda. Alingoja mpaka muhuri ukagongwa juu ya stempu na barua ikatupwa ndani ya gunia pamoja na nyingine.