Novemba Kabla ya Jiwe

Masinde alicheka kwenye mazishi ya mjomba wake, kicheko cha wazi kabisa, na hapo ndipo mkewe Jepkoech alipoamua kumpeleka kwa Unnati.

Ilikuwa Aprili 2008, na mitaa ya Nakuru ilikuwa bado inanuka majivu kila mvua ilipoyalowesha. Unnati, mwanasaikolojia aliyekulia nyuma ya duka la vitambaa la baba yake mjini humo, alikuwa amezisikia hadithi nyingi za aina hii. Masinde alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka Januari, alikimbilia mtaa wa Rhonda kuwatoa mkewe na binti yao Nafula, na jiwe likamkuta kwenye paji la uso. Alizirai, akazinduka, akashonwa, akarudi kazini. Lakini aliyerudi nyumbani, kwa maneno ya Jepkoech, alikuwa mtu mwingine aliyevaa sura ya Masinde. Alirusha sahani kwa sababu ya chumvi. Alimtukana mchungaji ibadani. Alimpiga mkewe mbele ya mtoto, kisha akaomba chai.

Unnati alimtibu kwa kile alichokiamini, yaani mazungumzo. Alimwongoza taratibu kwenye hofu na msiba, na Masinde akajibu kila swali kwa adabu. Nyumbani mambo yalizidi kuharibika, hata Jepkoech akahamia kwa dada yake Njoro pamoja na mtoto.

Mwezi wa Agosti Unnati alihudhuria semina Nairobi. Mhadhiri alionyesha picha za ubongo, akaeleza kwamba mtu aliyeumia sehemu ya mbele anaweza kuzungumza vizuri na kutengeneza mashine, ila asiweze kujizuia. Unnati aliacha kuandika. Lile kovu la Masinde lilikuwa limekaa mbele yake majuma yote yale, naye akalichukulia kuwa kumbukumbu tu ya siku mbaya. Aliona aibu. Chini ya aibu hiyo ikachipuka furaha, furaha ya mtu aliyepapasa gizani muda mrefu kisha akashika kitasa cha mlango.

Masinde akapelekwa Nairobi kupigwa picha, na daktari wa neva akathibitisha: kulikuwa na kovu kwenye ubongo, juu kidogo ya macho. Unnati aliwaita mume na mke pamoja. Njiani kwenda kazini asubuhi hiyo alikuwa akiyapanga maneno yake kama mtu anayepeleka zawadi.

Aliibandika picha dirishani, mwanga wa asubuhi ukapenya ndani yake. "Hapa," alisema, akigusa kijidoa cheusi. "Hapa ndipo jiwe lilipoacha alama. Sehemu hii humsaidia mtu kusimamisha hasira kabla haijafika mkononi."

Masinde aliinuka, akaisogelea picha, akaitazama kama mtu anayeonyeshwa shahidi wake. Machozi yakamlengalenga. "Umeona, Mama Nafula? Si mimi. Ni hii kitu. Nilikuwa nakwambia si mimi!"

Jepkoech hakuinuka. Aliitazama picha kutoka pale alipoketi, mkoba ukiwa mapajani, kisha akamgeukia Unnati.

"Daktari, nashukuru. Lakini jiwe lilimgonga Januari."

"Ndiyo."

"Huu mkono alinivunja Novemba." Aliunyoosha, na mkono ukakomea njiani, haukunyooka. "Watu niliwaambia niliteleza bafuni. Hata wewe hukuniuliza, nami sikusema. Sasa nionyeshe Novemba iko wapi kwenye hiyo picha."

Kweli, Unnati hakuuliza. Mwaka ule kila aliyeketi mbele yake aligawa maisha yake sehemu mbili, kabla ya vita na baada ya vita, na yeye akazoea kudhani kwamba kabla kulikuwa na amani. Picha nayo ilikuwa imempa sababu nyingine ya kutouliza.

Aliibandua dirishani, akaiweka mezani.

"Bwana Masinde," alisema, "jeraha hili ni la kweli, na tutalitibu. Kuna dawa, na kuna mazoezi ya kukufundisha kuondoka kabla hasira haijakushinda. Lakini haliwezi kubeba Novemba. Niambie ilikuwaje."

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

Masinde aliketi. Alifuta uso kwa kiganja, akakiacha hapo kwa muda, kikifunika kovu. Aliponena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Majirani wa plot walisema nilikuwa nimelewa. Nikaacha waseme hivyo." Akamtazama mkewe. "Sikuwa nimekunywa kitu."

Jepkoech alifumba macho, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jina ambalo muda mrefu alilitaja peke yake.

Dawa zilisaidia, ingawa si sana. Sahani ziliacha kuruka. Jepkoech aliendelea kuishi Njoro, na alipoulizwa na mama mkwe angerudi lini, alijibu kwamba hajui, na kweli hakujua.

Siku ya kikao kingine kwa Unnati, Jepkoech alikuja peke yake, kutoka Njoro. Masinde alikuwa ameshaketi. Jepkoech akachagua kiti kilichokuwa karibu na mlango, na mlango akauacha wazi.

Masinde aliutazama ule mlango. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akasogeza kiti chake nyuma, akakisogeza tena, mpaka kikagusa ukuta.