Zulmira Aliificha Barua kwa Nini?

Msinione nimeinamia meza nasokota tumbaku mkadhani sina la kusema. Ninalo. Mimi Odalmis nina mwaka wa kumi na tisa kiwandani hapa, na mdomo wangu haujawahi kuchukua likizo. Kwa hiyo msomaji wetu, mzee Anselmo, alipostaafu akaenda kukaa kwa mwanawe Matanzas, nilitangaza mbele ya kila mtu kwamba kile kiti ni changu.

Kiti chenyewe kiko juu ya jukwaa, mbele ya meza zetu. Sisi tunasokota sigara nene za majani matupu, mikono ina kazi na masikio hayana, basi msomaji anatusomea: asubuhi gazeti, baadaye riwaya. Meneja hana lake hapo. Tunamchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono, na kila anayekitaka kiti hupewa wiki moja ya kujaribiwa. Akitupendeza tunamgongea mezani visu vyetu vya kukatia majani, ko ko ko. Akituudhi tunaviangusha sakafuni, na aibu hiyo huwezi kumwombea hata adui yako.

Nilikitaka kiti kile mpaka nikakosa usingizi. Kwanza vidole vyangu vimeanza kukakamaa, asubuhi lazima nivitie kwenye maji ya moto ndipo vikunjike. Pili, tangu dada yangu Mirelys aende Uhispania, nyumba yangu ni kimya tupu, mpaka nasikia jokofu likikohoa. Sasa mtu kama mimi akae juu, watu arobaini wamsikilize yeye tu kutwa nzima? Pepo gani nyingine hiyo!

Kikwazo kilikuwa kimoja, na jina lake Evelio. Sauti anayo, sikatai, nzito ya kutuliza. Lakini huyo bwana anasoma matokeo ya besiboli utadhani anasoma majina ya marehemu. Wiki yake ilikwisha bila kisu kuanguka. Wiki iliyofuata ilikuwa yangu, na kura ilikuwa Ijumaa saa sita mchana.

Sasa niwaambie kuhusu tamthilia. Inaitwa "Bustani ya Dona Quitéria", ya Wabrazili, na ikianza hapa mjini hata kuku hawavuki barabara. Kwa miezi mitatu kiwanda kizima kiligawanyika kwa swali moja: Zulmira, mtunza nyumba wa Dona Quitéria, aliificha kwa nini ile barua? Otávio, kijana wa watu, alimwandikia Heloísa, binti wa nyumba ile, amfuate Manaus waoane. Zulmira akaipokea barua mlangoni, akaitia kwenye droo ya vitambaa vya meza, na Heloísa akazeeka dirishani akingoja. Miaka ishirini, jamani!

"Alikuwa akimtaka Otávio mwenyewe," Yaquelín wa meza ya tatu alisema kila siku, na kila siku kana kwamba amegundua jana. "Hamkuona alivyokuwa akimpakulia supu? Minofu yote kwake!"

"Supu gani, we mtoto?" Huyo ni Bi Tomasa, mkongwe wetu wa miaka sabini na moja, ambaye husimamia kura zote na hajawahi kukubali kushindwa jambo. "Mama mwenye nyumba alimtuma. Tazama nani alinenepa wakati Heloísa anakonda. Ni Quitéria, basi."

"Bi Tomasa, kwako kila mtu ametumwa."

"Mimi nimeishi, mwanangu. Wewe umechungulia tu."

Mzee Gumersindo, ambaye ana moyo laini kuliko siagi, alisema labda Zulmira alisahau. Tukamzomea mpaka akajificha nyuma ya majani yake.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kuungama. Zulmira akapiga magoti mbele ya Heloísa. Machozi. Kinanda. Akafungua mdomo, na umeme ukakatika mji mzima. Sitawatajia matusi yaliyotoka kwenye vibaraza vyetu, mengine sikujua kama wacha Mungu wale wanayajua. Mimi nikajifunika shuka mpaka puani nikalala kwa hasira.

Asubuhi ya Alhamisi nikapanda jukwaani na gazeti langu. Nyuso mbele yangu zilikuwa za msiba.

"Hakuna hata mmoja aliyeona?" Yaquelín aliuliza, anakaribia kulia. "Hata mmoja, jamani?"

Nikaona siku yangu ya nne inakwenda kuzama pamoja na bei za viazi kwenye gazeti lile. Na shetani hana kazi nyingine.

"Mimi nimeona," nikasema.

Vichwa vikainuka vyote.

"Wewe?" Evelio akakunja uso. "Kwenu si giza kama kwetu?"

"Umeme ulipozimika nilitoka mbio kwa binamu yangu, mtaa wa hospitali. Kule haukatwi."

Binamu gani! Sina binamu mtaa ule wala mtaa mwingine wowote. Lakini gazeti nilishaliweka chini, na watu arobaini walikuwa wameacha kupumua. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nikawapa. Nikamweka Zulmira magotini, nikaleta mvua, nikaleta radi, hata paka nilimtia. Nikamfanya Heloísa amshike Zulmira mabega na kumtikisa: "Kwa nini, Zulmira? Nilikukosea nini?" Nikanywa maji, taratibu kabisa.

"Sema basi, mwanamke we!" Gumersindo akapiga kelele.

Nikafungua mdomo, na sijui maneno yale yalitoka wapi, sikuwa nimeyapanga. "Zulmira akasema: 'Niliificha kwa sababu ungeondoka, binti yangu. Na ungeondoka, asubuhi ningemmiminia nani kahawa?'"

Visu vikagongwa mpaka vumbi la tumbaku likapanda kutoka mezani. Yaquelín analia, kamasi hizo. Gumersindo alijifuta macho kwa jani la daraja la kwanza, jani ambalo msimamizi angeliona angezimia.

"Huo si upendo, ni wizi!" mmoja akafoka.

"Ni vyote viwili!"

"Kamuibia mwenzake ujana kwa ajili ya kikombe cha kahawa!"

"Wewe hujawahi kukaa peke yako, ndiyo maana unasema."

Wakabishana mpaka mapumziko. Nikashuka nimevimba kichwa, nikimtupia Evelio jicho la pole. Kura ya kesho nimeshaila, nikajisemea.

Ni Bi Tomasa tu ambaye hakugonga kisu. Alinikuta kwenye foleni ya kahawa, akasimama karibu sana.

"Huyo binamu yako anakaa nyumba ipi kule mtaa wa hospitali?"

"Ile... ya kona."

"Kona ya duka la dawa, au kona yangu mimi, iliyokuwa giza tupu?"

Bikira Maria! Tangu Pasaka Bi Tomasa alikuwa amehamia mtaa uleule kwa mpwa wake, na nilijua, tena nilimsaidia kubeba magodoro.

"Bi Tomasa, tafadhali, usinichome."

"Nimesema kitu? Kunywa kahawa yako." Akajiendea zake. Heri angenitukana.

Na upumbavu wangu mkubwa bado. Nilisahau marudio! Kila kipindi hurudiwa kesho yake alasiri kwa ajili ya mabibi walio nyumbani, na alasiri ile umeme ulikuwepo, unawaka bila aibu. Jioni kila mtu alipofika kwake alimkuta mama mkwe mlangoni, na mama mkwe ana habari. Zulmira aliificha barua kwa sababu hakujua kusoma. Alidhani ni karatasi ya daktari wa mifugo, akaona haya kumwomba mtu amsomee, akaitia kwenye droo. Hakuna mvua. Hakuna kahawa. Paka ndiyo kabisa.

Ijumaa nikapanda jukwaani. "Habari za asubuhi," nikasema, na visu arobaini vikaanguka sakafuni kwa mpigo mmoja. Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu.

Hakuna aliyetaka gazeti. Bi Tomasa akasema basi mjadala uanze mapema. Na ada yetu ya mjadala ni hii: mgombea anakaa kwenye kiti, watu wanamjadili mbele ya macho yake, naye haruhusiwi kutamka neno mpaka mikono ihesabiwe. Akijibu, ameshindwa. Mimi, Odalmis, kunyamaza! Nikauma shavu kwa ndani.

"Tatizo ni dogo tu," Evelio akaanza na sauti yake ya mazishi. "Alidanganya kwa sababu ana uroho wa kiti."

"Kiti wapi!" Yaquelín akadakia. "Huyu anakupenda wewe, Evelio. Anataka umwangalie. Hamkuona jana alivyokutupia jicho akishuka?"

Nilikaribia kumeza ulimi. Na yule mpumbavu, badala ya kukataa, akaweka kola ya shati sawa!

"Alituonea huruma," Gumersindo akasema. "Asubuhi ile mlikuwa kama mmefiwa."

"Huruma nini, uongo uko kwenye damu yake!" mmoja akadakia. "Mama yake alimwambia padri ana homa, kumbe yuko dansini."

Hakuwa mama, alikuwa shangazi, na hakuwa padri, alikuwa daktari wa meno. Lakini ningesemaje? Nilikaa pale juu kama picha ukutani, wananikosea hata ukoo.

"Mimi nasema uongo wake ulikuwa mtamu zaidi," akasema mwingine. "Miezi mitatu tunajikuna vichwa, kumbe mtu hajui kusoma!"

"Hapo ndipo panaponiuma mimi," akasema Gumersindo. "Angekuwepo mtu mmoja tu wa kumsomea."

"Mzee, usianze kulia tena, majani yameisha."

Wakacheka. Ndipo Bi Tomasa akasimama, mikono kiunoni.

"Mmemaliza? Nyie mnamtazama Zulmira miezi mitatu na hamkumwona. Zulmira hanywi kahawa. Kahawa inamtia kiungulia, alisema tangu wiki ya pili. Sasa niambieni, nani hapa hufika kabla geti halijafunguliwa, na chupa ya kahawa mkononi, akimngoja yeyote yule ampe kikombe?"

Watu wakatazamana.

"Odalmis," akasema Yaquelín, polepole.

"Tangu lini?" Bi Tomasa akauliza.

"Tangu Mirelys aondoke," akasema Gumersindo.

"Basi. Aliyeungama jana hakuwa Zulmira. Tupige kura."

Nilijiona uchi, haki ya Mungu tena nasema, uchi wa mnyama mbele ya watu arobaini. Waliniinulia macho vile wanavyokitazama kioo cha televisheni dakika ya mwisho. Walinihurumia, niliona. Na hakuna aliyeweza kunifikia kule juu, wala mimi sikuweza kuwaambia nyamazeni, au endeleeni, au Mirelys hapigi simu siku hizi. Nilikuwa nimeota kiti kile miezi na miezi, na sasa nimekikalia na roho inaniuma.

"Wanaomtaka Evelio?"

Evelio alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Bi Tomasa akahesabu: ishirini.

"Wanaomtaka Odalmis?"

Yaquelín. Gumersindo, anafuta macho. Akahesabu wote kidole kwa kidole, kisha, nikaduwaa, akanyoosha na wake. Ishirini.

"Imebaki moja," akasema. "Odalmis, wewe pia ni msokotaji. Unamtaka nani?"

Watu wakacheka, maana nani asiyejua jibu? Evelio alishaanza kukunja mikono ya shati arudi kazini. Nikavitazama vidole vyangu, vimevimba, nikaviambia mnisamehe. Nikaunyoosha mkono.

"Evelio," nikasema.

Fujo iliyozuka! Meneja alitoka ofisini akidhani kuna moto.

Huu ni mwezi wa pili sasa. Evelio anasoma, matokeo ya besiboli bado yanazikwa kila asubuhi kwa heshima zote, na mimi niko chini nasokota. Dona Quitéria wameshamwacha, wanajadili mimi nilitoa kiti kwa nini. Yaquelín anasema ni mapenzi, anasubiri harusi. Gumersindo anasema nilitubu. Evelio anaamini sauti yake hatimaye iliniingia. Wote nimewajibu, kila mmoja kwa jibu analolitaka, nikaongeza na chumvi kidogo. Ukweli ni kwamba kule juu watu wanakusikiliza lakini hawaongei na wewe, na mimi nyumbani nina ukimya wa kutosha.

Bi Tomasa peke yake hajaniuliza. Siku ile niliposhuka jukwaani alisogeza kiti chake nikapata nafasi ya kukaa kando yake, kisha akaniambia niache kuvuta kamasi kwa kelele, msomaji anasoma.